Mabati Yaliyoangukia kwa Shemeji

Watu wa pale karibu na Sosiot wakikuambia kwamba Janeffer ana mdomo mkali, hawamsingizii. Alizaliwa upande wa Bomet katika nyumba ya wasichana watupu, akaolewa huku na Johana, dereva wa lori la kubeba majani chai, na tangu alipofika alikataa kunyamazishwa. Mama mkwe alimjaribu akashindwa. Akina mama wa kanisa walimjaribu, mwisho wakampa uenyekiti. Mtu ambaye hakuchoka kumjaribu ni Alexander, mdogo wake Johana, aliyejenga upande wa juu wa mteremko, mahali ambapo akisimama uani mwake anaona moja kwa moja hadi mlangoni kwa Janeffer.

Johana alipofariki, Alexander alingoja matanga yaishe, kisha akauliza mbele ya watu kama shemeji yake sasa atarudi kwao. Johana na Janeffer walikuwa wamepata mabinti wawili tu, na wote walikuwa wameolewa mbali.

"Nyumba isiyo na kijana itakaliwa na nani?" akasema.

"Itakaliwa na mimi niliyechota maji ya kuchanganyia simiti yake," Janeffer akamjibu. "Wewe weka madirisha kwa yako kwanza."

Watu walicheka. Alexander hakucheka, na hakusahau.

Kisha alasiri moja dhoruba ikaja, wakati Janeffer amerudi tu kutoka kupeleka majani yake ya chai kwenye kituo cha kununulia. Upepo ulitokea upande wa ziwa, ukailaza mikaratusi, na nyuma yake ikafuata mvua ya mawe. Alikimbilia jikoni, kijumba cha udongo kilichosimama peke yake uani, na akiwa pale mlangoni aliiona nyumba yake ikivuliwa paa. Upepo uliingia chini ya mabati ya upande wa nyuma, ukayatikisa, ukayang'oa pamoja na misumari yake. Yalipaa juu ya ua wa mpaka yakigongana, yakaanguka ndani ya shamba la chai la Alexander.

Halafu maji yakaja. Si yale ya juu tu. Mwaka huo Alexander alikuwa amechimba mlima kidogo ili apate mahali tambarare pa kujengea zizi, na maji yote ya uani kwake akayachimbia mtaro ulioishia kwenye ua, nyuma kabisa ya chumba cha kulala cha Janeffer. Janeffer alikuwa amemlalamikia zaidi ya mara moja. "Maji huenda chini, shemeji," Alexander alikuwa akijibu. "Mimi si Mungu." Sasa maji hayo yalishuka na mbolea ya ng'ombe, yakagonga ukuta wa nyuma, yakapita chini ya mlango, yakapenya hata kwenye nyufa za sakafu.

Mvua ilipokatika, Janeffer aliingia ndani, maji yakimfika juu ya kifundo cha mguu. Dari ilikuwa imeloa ikaanguka vipande vipande juu ya kitanda. Godoro lilikuwa limekunywa maji mpaka halinyanyuki. Gunia la mahindi lilikuwa limepasuka na punje zilikuwa zikielea pamoja na samadi. Hakulia. Alisimama katikati ya sebule akaangalia juu, akaona mawingu, kisha akaangalia dirishani, akamwona Alexander amesimama uani kwake, mikono mfukoni, akitazama. Hakusema pole. Hakuinua hata mkono.

Aliyekuja ni Jerusa, mjane mwenzake, mwanamke wa kutoka Homa Bay aliyefanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, naye akabaki hapa akiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Alikuja na ndoo na ufagio bila kuitwa. Walisukuma maji na matope nje hadi jioni.

"Twende ulale kwangu," Jerusa akamwambia. "Hapa utapata nimonia."

"Nikitoka hapa, kesho yule atakuwa ameweka kufuli."

"Basi lala kwenye moshi."

Akalala jikoni, kando ya mafiga, na akaamshwa na sauti ya nyundo.

Alexander alikuwa juu ya zizi lake akipigilia mabati. Janeffer aliyatambua bila kuuliza. Johana alikuwa ameyapaka rangi ya kijani, na boma lile lote hakuna mwingine aliyekuwa na mabati ya kijani. Alipanda hadi kwenye lango la shemeji yake, kanga imelowa, miguu bado ina matope.

"Alexander, hayo ni mabati yangu."

"Yameniangukia. Umeona vile yamevunja chai yangu?"

"Nimeona. Shuka unipe mabati yangu."

Alexander alitoa msumari mdomoni. "Haya mabati alinunua ndugu yangu. Na hiyo nyumba alijenga ndugu yangu. Wewe unasema yangu, yangu, ulikuja na nini hapa?" Akapiga msumari mwingine.

Mkewe, Bitutu, alikuwa amesimama karibu na tangi la maji. Aliinamisha kichwa akaendelea kuosha debe la maziwa.

Janeffer alienda kwa naibu wa chifu. Akaambiwa hayo ni maneno ya familia, wakae chini kama familia. Alienda kwa wazee wa ukoo, wakasema watakutana mambo ya shamba yakipungua. Alipoazima turubai la kanisa kufunika vyumba, alikaa nalo kwa siku chache tu, kisha akatumiwa ujumbe kwamba linahitajika kwa mkutano. Mkutano haukuwepo. Alexander alikuwa mzee wa kanisa, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwake.

Kwa hivyo mvua iliendelea kumnyeshea ndani. Ukuta wa nyuma ulianza kuota ukungu mweusi, plasta ikavimba kama ngozi iliyoungua, na harufu ya uozo ikashika hadi kwenye nguo. Nyakundi, fundi aliyeletwa na Jerusa, alizunguka nyumba, akabonyeza ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mama, mimi naweza kupiga plasta leo, lakini itaanguka. Kwanza paa. Halafu yale maji ya nyuma."

"Najua," Janeffer akasema. "Wewe andaa mbao. Mabati nitaleta."

Huku akingoja, alianza kazi ambayo haikuhitaji mtu mwingine. Alichukua patasi na nyundo, akaibomoa plasta iliyooza kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, chumba baada ya chumba, mpaka matofali yakabaki uchi. Kila kipande kilipoanguka alikuwa akilitaja jina la Alexander, na jina hilo alikuwa akilifuatisha na maneno ambayo mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hapaswi kuyajua. Mikono ilichubuka. Aliifunga kwa vitambaa akaendelea. Hasira ilimpa nguvu ambayo hakuwa ameiona tangu ujana wake, na hakuona sababu ya kuomba iondolewe.

Siku ya soko Alexander aliteremka Litein kuuza ndama. Pikipiki iliyombeba ilipopotea kwenye kona, Janeffer alitoka na ngazi begani, nyundo kiunoni. Hakuingia kwa kujificha. Alifungua lango, akaegemeza ngazi kwenye zizi, akapanda. Bitutu alitoka jikoni, akamtazama, akarudi ndani.

Kung'oa mabati si kazi ya haraka. Kila msumari ulilia. Alikuwa akilitoa bati, analiteremsha upande wa ua, na Jerusa aliyekuwa upande ule mwingine analipokea na kuliburuta. Walikuwa wamefikia karibu na mwisho Alexander aliporudi. Soko lilikuwa limekataa ndama wake, na alikuwa tayari amekasirika kabla hajaangalia juu.

"Wewe mwanamke! Shuka!"

"Nikimaliza."

Alexander hakubishana. Alishika ngazi, akaivuta, akaitupa kwenye nyasi za napia. Kisha akakunja mikono. "Basi kaa huko. Ulitaka paa, umepata paa."

Watu walianza kukusanyika njiani: waliotoka kuchuna chai, waliotoka sokoni, waliokuwa hawana shughuli. Walisimama kando ya ua wakitazama kama watu waliofika kwenye mchezo, na hakuna hata mmoja aliyeshika ngazi. Mawingu yakaanza kushuka. Janeffer aliwaangalia mmoja mmoja kutoka juu, watu aliowapikia kwenye harusi na kuwafariji kwenye matanga, na akawachukia wote. Kisha akageuka, akang'oa bati la mwisho, akalirusha juu ya ua. Akabaki amekaa kwenye boriti, miguu ikining'inia, matone ya kwanza yakimpiga usoni.

"Omba msamaha nikupe ngazi," Alexander akasema.

"Niombe msamaha kwa mwizi?"

Mvua ikazidi. Watu wengine wakaondoka, wengine wakajifunika mabeseni. Hapo ndipo Bitutu alipotoka jikoni. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akaitoa ngazi kwenye napia, akaiegemeza.

"Nani amekuambia?" Alexander akafoka.

"Ng'ombe wanaogopa kelele, maziwa yatapotea," Bitutu akasema. Halafu akainua uso kwa Janeffer. "Shuka. Na usirudi hapa tena. Nimechoka na nyinyi wote wawili."

Janeffer alishuka. Hakumshukuru, na Bitutu hakungoja shukrani.

Nyakundi alirudisha paa. Mabati yalikuwa na matundu mengi ya misumari, yale ya kwanza na yale ya zizini, ikabidi yazibwe kwa lami, moja baada ya jingine, na mengine yaliyopinda yakawekwa upande usioonekana. Kuta zikaachwa wazi zikauke. Janeffer alikuwa akifungua madirisha yote asubuhi na kuwasha makaa katika kila chumba mchana, mpaka matofali yakabadilika rangi.

Yakabaki maji ya nyuma. Alichimba mtaro kando ya ukuta akisaidiwa na Jerusa; Alexander akaujaza matawi na udongo. Wakauchimba tena, akaujaza tena, safari hii akiwa amesimama hapo hapo akiwatazama. Janeffer akaacha kuchimba. Alikusanya mawe, akamwita Nyakundi, na ndani ya mpaka wake, mkabala na mahali mtaro wa Alexander ulipoishia, wakajenga ukuta mfupi wa mawe na simiti, mzito, usio na tundu.

"Maji yatarudi kwake," Nyakundi akasema.

"Maji huenda yanakotaka. Mimi si Mungu."

Mvua kubwa iliyofuata iliyakuta maji hayana njia. Yalirudi nyuma, yakajaa uani kwa Alexander, yakafika zizini. Ng'ombe walisimama kwenye tope la samadi hadi magoti. Janeffer alikaa kitandani pake pakavu akiwasikia wakilia, na hakujilaumu. Alisikia na sauti ya Alexander ikimgombeza Bitutu, na ya Bitutu ikimjibu kwa ukali ambao hakuwahi kuusikia kwake. Kesho yake Alexander alionekana na sururu, akichimba mtaro mwingine wa kupeleka maji barabarani, kazi ambayo ingemchukua siku moja tangu mwanzo.

Nyakundi alipiga plasta mpya, sakafu ikamwagwa upya na kizingiti cha mlango kikainuliwa. Mabinti walikuja wakasaidia kupaka rangi. Mchungaji alipopata habari kwamba nyumba imesimama, alisema itakuwa vizuri ndugu wapatane, na Jumapili moja baada ya ibada akamleta Alexander hadi mlangoni, yeye mwenyewe akasimama nyuma kidogo, kama mtu aliyeleta mgonjwa hospitali.

Janeffer alitoka akasimama kwenye kizingiti.

"Chamgei, shemeji," Alexander akasema.

Salamu hiyo ya Kikalenjin ina jibu lake, na kila mtoto wa pale analijua. Janeffer hakulitoa.

Alexander aliangalia kuta, akaangalia juu kwenye paa la kijani lenye madoa ya lami. "Naona imekauka."

"Imekauka."

Chai ilikuwa motoni, harufu yake ya maziwa ilikuwa ikitoka hadi nje, na wote watatu waliisikia. Mchungaji alikohoa. Akasema neno kuhusu kusamehe, kuhusu marehemu Johana ambaye angependa kuona nduguye na mkewe wakiketi meza moja.

"Mchungaji, wewe ingia unywe chai," Janeffer akasema. "Huyu amezoea kunitazama akiwa huko juu. Arudi huko aendelee."

Mchungaji alibaki na mguu mmoja mbele na mmoja nyuma.  Alexander aligeuka, akapanda mteremko. Mchungaji akamwangalia akienda, akamwangalia Janeffer, akavua viatu vyake vyenye matope, akaingia ndani.