Mtu Anayeambiwa

Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeyaandika haya kwa amri yangu, alikuwa kidato cha sita, na katika mtihani wake alipangiwa mshairi wa Kiingereza wa zama za malkia wao wa kale. Mashairi ya mtu huyo, kama nilivyoelezwa, ni maneno ya mtu mmoja anayemwambia mwenziwe, na huyo mwenziwe hasikiki kabisa. Vifaa vya kumsomea vilikuwa vichache: kurasa za fotokopi zilizofifia, kamusi isiyo na jalada, na masomo ya mwalimu yaliyorekodiwa kwenye simu. Mwalimu alisisitiza kwamba mashairi hayo yasomwe kwa sauti, kama mtu anayezungumza.

Akayasoma uani usiku, kwa ukali. Jirani yetu akapiga hodi.

"Mwana agombana na nani?"

"Na Mwingereza," nikamjibu.

"Yuko wapi?"

"Kaburini."

"Basi na amwachie Mungu, sisi tumelala."

Nikapiga marufuku makelele. Akasoma kimya, na katika jaribio la shule akaanguka. Swali lililomwangusha lilitaka aeleze anachofanya yule asiyesikika.

"Bibi, hafanyi kitu! Hata hatajwi."

Bila ya kufaulu somo hilo, chuo angekikosa. Nikaamua asome mbele yangu, kwa sauti ya mazungumzo, nami niwe huyo anayeambiwa. Kiingereza sikijui, kunyamaza ninakujua, ingawa sikupendi. Kila siku baada ya Alasiri aliketi kunikabili, nami nikilinda karafuu zilizoanikwa jamvini.

Siku moja, katikati ya shairi, tone la mvua likaniangukia mkononi. Nikainuka.

"Kaa, Bibi, sijamaliza!"

"Kaiambie mvua ikae."

Tukalikunja jamvi pamoja, karatasi kaibana kwapani. Ghafla akasita, akaitoa, akatafuta mstari. Kumbe pale msemaji humwambia mwenziwe akae, na siku zote yeye aliuona mstari huo hauna maana, kwani hapakuandikwa popote kwamba mtu ameinuka.

"Kainuka, Bibi! Kachoka naye, ataka kwenda zake!"

"Hata mimi nimechoka naye. Shika upande wako."

Karafuu ziliingia ndani bila ya kurowa. Yeye akakaa kizingitini, akazirudia kurasa zote akimtafuta mtu yule: hapa kageuza uso, hapa kacheka kwa kejeli. Katika mtihani wenyewe swali lile lilikuja kwa sura nyingine, akalijibu. Matokeo bado hayajatoka. Fotokopi nimemwamuru azitunze, maana wadogo zake wapo, na kazi yangu ya kuambiwa haijaisha.