Mikono Mirefu ya Kitambaa cha Mama

Saa mbili asubuhi, fundi yuko mezani tayari, ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Mbele yake kimetandazwa kitambaa cha kijani chenye ndege weupe, na juu yake vipande vya karatasi vya kukatia gauni: kifua, mgongo, sketi, kola, mkono mmoja. Mkono wa pili ameushika. Hauna pa kukaa.

Anasukuma kola upana wa kidole. Pamepatikana nafasi, anaiacha hapo. Anasogeza sketi. Pamezidi kubana, anairudisha ilikokuwa. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka kila anachogusa kinaharibu mpangilio. Hapo ananyoosha mgongo na kuguna.

"Hapa ndio mwisho wangu," anajisemea. "Nikigusa chochote, hali inakuwa mbaya zaidi."

Mtaani wanamwita Kibaba, kwa sababu ya methali isiyombanduka mdomoni: haba na haba hujaza kibaba. Hajawahi kusogeza kipande bila kuona faida yake papo hapo, na kwa nguo za wateja mtindo huo umemlisha maisha yake yote. Kitambaa hiki ndicho kimemshinda.

Kilinunuliwa na mkewe, mshonaji aliyekaa naye chumba hiki hiki, yeye akikata, mke akishona. Alikinunua kwa ajili ya siku binti yao atakapoolewa. Akakipima mwenyewe, akakikunja, akasema kinatosha gauni la mikono mirefu. Mwaka jana maradhi yakamchukua. Duka alikokinunua halina tena kitambaa cha aina hiyo.

Mikono mirefu si urembo. Binti alipokuwa mdogo, pasi ya moto ilimwangukia kwenye meza hii hii. Kovu limetoka kwenye kiwiko hadi kifundo cha mkono. Tangu hapo, jua liwake lisiwake, hajatoka nje na mkono wazi.

"Mama yake alijilaumu mpaka anakufa," anajisemea fundi. "Ndio maana alitaka gauni hili alitengeneze yeye. Mungu hakupenda."

Harusi ni Jumamosi. Juzi binti alimwambia, "Baba, kata mikono mifupi tu, yaishe. Mimi sijali." Alisema huku akivuta mkono wa blauzi hadi kwenye vidole. Fundi akarudi kwenye karatasi zake.

Tangu abaki peke yake, kazi imepungua nusu. Kuna mshonaji wa jirani ameomba mara kadhaa kukalia cherehani ya marehemu, wagawane kazi. Fundi anakataa. Cherehani imefunikwa shuka, na juu ya shuka hakuna hata vumbi, maana analikung'uta kila siku.

Mwalimu wa kompyuta wa chuo cha karibu anaingia na suruali ya kupunguzwa. Anamkuta fundi anasogeza na kurudisha, anasimama kutazama.

"Fundi, unajua hata kompyuta tunazifundisha hivi? Tunaita kupanda kilima. Ni kama mtu yuko kwenye ukungu, haoni mbali. Kila hatua anachagua inayopanda. Akifika mahali pande zote zinateremka, anasema, nimefika kileleni."

"Si kafika?"

"Kafika juu ya kichuguu! Mlima wenyewe uko ng'ambo. Kuufikia, lazima kwanza ateremke."

"Ateremke kwa makusudi? Mwalimu, we!" Fundi anacheka.

"Kwa makusudi. Kompyuta tunairuhusu ikubali hata hatua mbaya, nyingi mwanzoni, halafu tunaibana taratibu. Ikishindikana tunafuta yote, inaanzia mahali pengine kabisa."

Fundi anaacha kucheka. Anageuka kuitazama cherehani iliyofunikwa shuka.

"Marehemu alikuwa hivyo," anasema polepole. "Mimi nikikwama, yeye anainuka, anafagia meza yote kwa mkono kama anafuta makombo. Kazi ya asubuhi nzima! Ananiambia, 'Vunja, baba. Kibaba chenyewe kikiwa kidogo, utajaza nini?' Jamani, tuligombana! Na mwishowe kitambaa kinatosha."

Anabaki amesimama. Kisha anainua mkono, anasita, anaushusha. Anapouinua mara ya pili, unafagia kweli. Karatasi zinaanguka sakafuni, na uso wake unakuwa wa mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

Anaokota kipande cha mgongo, anakikunja katikati na kukikata kiwe viwili. "Yeye alipenda gauni lenye mshono mgongoni. Mimi huwa naukwepa. Unakula kitambaa."

Na kweli unakula. Kila nusu inataka nafasi ya kushonea, na sasa mikono yote miwili imekosa pa kukaa, kola nayo iko nje. "Ona! Si nilisema?" anafoka. "Nilikuwa nimebakiza mmoja!"

"Uko bondeni, fundi," anasema mwalimu. "Endelea."

Anaendelea. Anarudia kusogeza kwake kwa zamani, kidole kwa kidole. Nusu ya mgongo inajibana kando ya sketi, ambako mgongo mzima usingeingia kamwe. Kola inapata kona. Mkono wa kwanza unalala. Adhuhuri imefika, mwalimu amesahau suruali yake, na mkono wa pili unateleza katikati ya nusu mbili za mgongo na kutulia.

Fundi anabana pini ya mwisho. "Mama nanii, njoo uone!" anaita kwa furaha, shingo imegeukia cherehani.

Macho yake yanakutana na shuka. Anakaa kwenye kiti, anajifunika uso kwa viganja, futi kamba ya kupimia ikining'inia shingoni, na kulia. Mwalimu anatoka nje taratibu.

"Nilimwambia binti kwamba mama yake alikosea kupima," anamwambia mwalimu anaporudi ndani, macho mekundu. "Nilimsingizia mtu asiyeweza kunijibu. Alikuwa amepima sawasawa. Aliyekosekana ni yeye mwenyewe."

Jioni binti anarudi kutoka kazini. Anaangalia meza, anahesabu kwa macho, mkono wa kwanza, wa pili. Anakwenda upande alikokuwa akisimama mama yake, anakunja mikono ya blauzi yake, na kuvuta kitambaa kisiteleze. Kovu lote liko wazi. Baba analitazama, kisha anashika mkasi.

"Jumapili utakuwa kwako," anamwambia. "Sasa mimi nani atanishikia nguo?"

"Mkaribishe yule mshonaji, baba. Cherehani itashika kutu."

"Nimeshajaribu kuwaza. Kila nikiwaza naona nitaumia zaidi."

"Mwanzoni utaumia."

Fundi anakata kifua, anakata sketi. Akifika kwenye mikono, anasimama.

"Jumatatu," anasema. "Mwambie aje Jumatatu. Lakini hilo shuka nitalitoa mwenyewe."