Harambee Bila Mgeni wa Heshima

Mwezi jana, nikiwa kwenye foleni katika ofisi ya baraza la jiji, niliwasikia akina mama watatu wa soko la Jericho wakiomba ruhusa ya kufunika kwa zege, kwa pesa walizochanga wenyewe, mtaro ulio kando ya njia ya shule. Kwa kuwa mtaro ulikuwa wazi, watoto walilazimika kutembea barabarani, bega kwa bega na malori.

"Harambee mlifanya lini?" karani aliuliza. "Mgeni wa heshima alikuwa nani?"

"Hatukualika mgeni."

Karani aliweka kalamu chini. "Bila mheshimiwa? Mama, huo ulikuwa mkutano wa chai."

"Hata chai hatukunywa," alijibu aliyekuwa mkubwa wao. "Mheshimiwa anataka hema, vipaza sauti na kuku. Hao kuku tumewageuza simiti. Piga muhuri, kijana wangu, watoto wanatoka saa kumi."

Foleni nzima ilicheka. Karani naye alicheka, akapiga muhuri.

Nimekula kuku wengi wa harambee na kusikiliza hotuba zilizofuata. Sikumbuki hata moja iliyotuachia njia.

Kando ya mtaro ule marehemu mke wangu alikuwa akimshika binti yetu mkono kila asubuhi. Tangu atutoke, nimekuwa nikimshika mimi. Jumatatu hii, mtaro ukiwa umeshafunikwa, mtoto aliuchomoa mkono wake, akatangulia peke yake juu ya zege. Alipofika langoni aligeuka, akanipungia. Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika. Nikajikuta nawashukuru wale akina mama.