Hiyo Si Mafuta, Mama

Nta ya nywele si mafuta. Maneno haya nimeyasema mara nyingi kuliko nilivyosali Baba Yetu, na mimi ni mtu wa kanisani kila Jumapili. Nimemwambia mama yangu kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia nikiwa nimeshika kopo lenyewe mbele ya uso wake. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kosa si lake peke yake. Sisi tuliozaliwa milimani, juu ya Mwatate, tulilelewa kwa sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mtu hatoki nyumbani akiwa amepauka. Unaweza kutoka na sare yenye kiraka, unaweza hata kutoka na njaa, lakini miguu, uso na kichwa lazima ving'ae. Asubuhi kabla ya shule mama alitupanga mlangoni, akachovya vidole katika mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale yale aliyompaka ng'ombe, akatusugua mmoja mmoja kuanzia utosini. Baridi ya kule hupasua ngozi, kwa hivyo alipaka kwa wingi. Aliyejifuta kwa mkono wa sweta alirudishwa nyuma ya foleni akapakwa upya. Mtoto aliyepauka, alisema mama, ni mtoto asiye na mwenyewe.

Sasa mpe mtu kama huyo kopo la nta uone.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya, sitaki kujifanya mjuzi. Nilipopata kazi ya ukarani hapa Voi nilikata nywele nikaziacha fupi, za asili, kisha nikanunua nta kwa sababu karani mwenzangu alikuwa na vijiwimbi vizuri vilivyolala kichwani siku nzima. Nikachota kwa vidole vitatu, kama nilivyolelewa, nikapaka kichwa kizima, nikatoka nikiringa. Voi haina huruma na watu wa namna hiyo. Jua la saa nne liliyeyusha nta, upepo ukavuma kutoka upande wa mlima wa Ndara, na vumbi jekundu la huku likafanya kazi yake. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa mwekundu kuanzia kipaji cha uso hadi kisogoni. Mlinzi wa ofisi aliniuliza kama nilikuwa nimeoga bwawa moja na ndovu.

Aliyeniokoa ni mwanamke mmoja wa Kikamba mwenye saluni nyuma ya soko. Aliniosha mara tatu huku akinigombeza kama mtoto wake. Kisha akanifundisha, na mafunzo yake ndiyo niliyokuja kumhubiria mama. Chota kiasi cha punje ya mahindi, kwa ukucha, si kwa kidole. Sugua kati ya viganja mpaka nta isionekane na viganja vipate moto. Nywele ziwe na unyevunyevu, zisiwe zinadondoka maji. Anza kisogoni, kwenye nywele nyingi, uje mbele polepole, na kile kinachobaki viganjani ndicho kilaze nywele za pembeni. Usiguse ngozi ya kichwa. Funga kitambaa dakika kumi. Na usiweke nta ya leo juu ya nta ya jana, osha kwanza. Mafuta yanalisha, alisema, nta inashika. Ukitaka kulisha paka mafuta, ukitaka kushika paka nta. Ni jambo jepesi kabisa. Mtu yeyote angeelewa.

Mama hakuelewa, ama hakutaka kuelewa. Alikuja kukaa nami kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa miaka mingi, na la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, akawa haoni ila mwanga na vivuli. Tulikuwa tukingoja madaktari wa macho ambao wangekuja hospitalini kwa siku mbili tu. Wakiondoka, hakuna aliyejua wangerudi lini.

Kule kwetu milimani nta hukaa ngumu kama rangi ya viatu. Hapa Voi, ikifika saa sita, inalegea kopo zima na kuwa kama samli. Mama alilipata kopo langu dirishani kwa kupapasa, akanusa, akaridhika. Nikirudi jioni nilikuta mifereji mitatu ya vidole ndani ya kopo, na foronya inanata. Nikamuuliza. Akajibu kwamba mafuta yangu ni mazuri, ila yanakawia kuingia. Nikalipandisha kopo juu ya kabati. Akalishusha kwa mkongojo. Hiyo si mafuta, Mama. Nilisema asubuhi, nilisema jioni, na mwishowe nikasikia sauti yangu inapanda mpaka majirani wakanyamaza kwao. Nilimnunulia mafuta yake halisi, chupa kubwa, nikaiweka karibu na kitanda. Alisema ni mepesi kama maji.

Kitu kingine kilichonikera ni kwamba hakuwa akisema lolote kuhusu kichwa changu. Miaka yote nilipopanda kwenda nyumbani, hata kabla sijaweka mfuko chini, aliniuliza mbona nimepauka, nywele zangu zinakula nini, huko Voi hakuna mafuta. Nilichukia maswali hayo sana. Kisha kwa miaka miwili yakakoma. Nilidhani amezikubali nywele zangu hatimaye. Nilipogundua kwamba alikuwa hazioni tena, sikujua nifanye nini na ushindi wangu.

Siku ya kujiandikisha, muuguzi alitupa masharti. Mgonjwa aoshwe kichwa na uso vizuri, na asubuhi ya upasuaji asipakwe mafuta yoyote, usoni wala kichwani. Alirudia mara mbili, kisha akamwinamia mama na kumuuliza kama amesikia. Mama akaitikia vizuri kabisa. Nikajisemea kwamba angalau kuna mtu mmoja hapa duniani anayemsikiliza.

Jioni ile nilimwosha kwa maji niliyochemsha, na alfajiri nikampangusa uso. Nikamwacha ameketi kitandani tayari, nikaenda barabarani kutafuta tuktuk. Niliporudi alikuwa amejifunga leso kichwani, vizuri, kama mtu anayekwenda arusini. Sikuwaza lolote. Mwanamke wa umri wake hatoki bila kufunika kichwa.

Kwenye benchi la nje, hospitalini, tulikaa na wazee wengine kumi na kitu. Jua lilipanda likaingia chini ya paa la mabati. Muuguzi alifika kwetu, akamfungua mama leso, akasimama. Nta ilikuwa imeyeyuka. Ilikuwa inashuka kipajini kwa mistari miwili, na mmoja ulikuwa umeshafika kwenye nyusi ya jicho la kulia.

Muuguzi hakumgombeza mama, alinigombeza mimi. Aliniuliza kama nilidhani masharti yale yalikuwa mapambo. Jicho likifunguliwa huku grisi inatiririka kichwani, alisema, uchafu ukiingia hilo jicho limekwenda, na nyanya huyu hana lingine. Akatuhamisha mwisho wa orodha. Nikiweza kumsafisha kabla daktari hajamaliza wenzake, vyema. Nisipoweza, twende nyumbani tungoje.

Nilimshika mama mkono nikampeleka kwenye karo la nyuma, na nakiri kwamba nilimvuta. Nilimuuliza kama hakusikia alivyoambiwa. Hakukasirika. Alinijibu taratibu, kama anayemweleza mtoto hesabu.

"Waliniambia nisipake mafuta. Sikupaka mafuta. Nimepaka hiyo yako. Si wewe unaniambia kila siku kwamba si mafuta?"

Wiki nzima nilikuwa nimemhubiria, na siku ile ndiyo aliyochagua kuwa mwanafunzi mzuri.

Nikafungua mfereji. Maji ya pale ni ya chumvi, yale ambayo ukisugua sabuni ya kipande haitoi povu, inakatika tu kama maziwa yaliyoharibika. Nilisugua. Nta ilihama kutoka utosini ikaenda kisogoni, kutoka kisogoni ikarudi utosini. Ndani walikuwa wanaita majina, moja baada ya jingine. Watu sita wakabaki. Kisha watano.

Hapo nikakumbuka alichofanya yule mwanamke wa saluni siku aliyoniokoa: kabla ya kuniosha alinisugua mafuta kwanza. Nta haiogopi sabuni, inaogopa mafuta. Nilikimbia langoni kwa mama muuza mahamri, nikamwomba mafuta ya kupikia kikombe kimoja, maji ya moto ya birika lake lote, na sabuni yake ya unga ya kuoshea vyombo. Aliniona nilivyo akanipa bila kuuliza.

Kwa hivyo muuguzi alipotoka kuangalia tumefika wapi, alinikuta ninammwagia mama yangu mafuta kichwani. Sijui alifikiria nini. Alifungua mdomo, akaufunga, akarudi ndani. Nadhani alituona familia nzima ni wagonjwa.

Nilimlaza mama kichwa nyuma kwenye ukingo wa karo, nikamfunga kitambaa kikavu juu ya nyusi, kiganja changu nikakikaza juu yake ili hata tone lisipite. Kwa mkono mwingine nilisugua mafuta mpaka nta ikalegea na kuachia nywele. Nikapangusa, nikaosha kwa maji ya birika na sabuni ya unga, nikapangusa tena. Muda wote huo mdomo wangu haukupumzika. Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia huyu daktari hajali kama mtu anang'aa, daktari anaangalia jicho, na kwamba yeye kwa kupenda kung'aa kwake atakufa haoni. Nilisema hivyo kwa mama yangu, shingo yake ikiwa mkononi mwangu.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sikutaka waseme sina mwenyewe," akasema. "Na wangekuonaje wewe, wakiona umenileta nimepauka?"

Niliendelea kuosha kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza. Kile kichwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, nywele zote nyeupe. Nilikuwa nimeona kopo lililochimbwa, nikaona foronya, nikaona ukaidi, na sikuwahi kujiuliza mtu asiyeona anajipamba kwa ajili ya nani. Niliona aibu. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini povu lilikuwa limekaribia sikio, na nyumbani kwetu hatuombani msamaha kwa urahisi. Nilimwambia ageuze kichwa.

Tulimaliza wakiwa wamebaki wawili. Muuguzi alipitisha pamba kavu kwenye kipaji cha mama, akaitazama kwenye mwanga, akapitisha nyingine. Alipitisha nne. Kisha akamshika mkono akampeleka ndani, nami nikakaa kwenye benchi lililokuwa tupu, mikono yangu ikinuka mahamri.

Siku ya pili tulirudi kufunguliwa bandeji. Nilikuwa sijalala vizuri. Tangu asubuhi ya jana nilikuwa sijagusa kichwa changu, si kwa maji, si kwa nta, wala kitana. Nilikuwa nimetembea mchana kutwa katika upepo na vumbi nikitafuta dawa za matone, na sikuwa nimejitazama kwenye kioo.

Daktari alibandua plasta polepole. Alimuuliza mama anaona vidole vingapi, mama akataja. Alimuuliza ukuta ni rangi gani, mama akasema kijani, halafu akaongeza kwamba umepakwa vibaya pale pembeni. Daktari akacheka. Kisha mama akageuka kunitafuta, akanipata. Alinitazama kuanzia miguuni akapanda, na alipofika juu akasimama hapo muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mbona umepauka hivyo?"

Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya mlango, nikarudi.

Nyumbani aliketi kwenye kiti, akaagiza kopo lishushwe kutoka juu ya kabati, akaniambia nikae chini kati ya miguu yake. Nilianza kumweleza habari za punje ya mahindi. Nilimwona kwa pembe ya jicho anapeleka vidole koponi, vyote vitatu. Alichota nta ya kutosha watu watano, akaanzia utosini. Nikanyamaza.