Siku Mtani Wangu Aliponiheshimu

Nimechoka kuulizwa kwa nini mwanamke mzima, mtumishi wa serikali mwenye miwani ya kusomea, anagombana na watu kwa sababu ya gemu la simu. Zamani nilikuwa najieleza. Siku hizi nasema tu kwamba nimeacha, ingawa sijaacha, na mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Aliyeniingiza huko ni Mnyamwezi, mwenzangu wa meza ya pili ofisini, mwanamke wa rika langu. Mimi ni Mgogo wa Ihumwa, kwa hiyo sisi ni watani. Mababu zake walipita kwetu na mizigo kichwani wakielekea pwani, mababu zangu wakawatoza ushuru wa maji, na tangu hapo tumeruhusiwa kutukanana bila mtu kununa. Asubuhi nikiingia ananiuliza kama mlenda wa jana umeshafika kichwani, maana anaona nateleza kama mboga hiyo yetu Wagogo. Nami namwita mpagazi, namwambia atue mzigo taratibu asije akavunja kiti cha serikali. Mkuu wetu wa kitengo, ambaye ni mtu wa mbali, mwanzoni alidhani tuna ugomvi akatuita kutusuluhisha. Tulicheka mpaka akaona aibu.

Siku moja mfumo wa ofisi uligoma tangu asubuhi, watu wakawa wanaangalia kuta. Mtani wangu akachukua simu yangu akaniwekea gemu analocheza yeye. Timu ina watu watano. Mnalinda ngome yenu na kuvamia ya wenzenu, na mnasikilizana kwa sauti kila mtu akiwa kwake. Timu yetu ilikuwa sisi wawili, fundi wa kuchomelea wa Kizota, na wanafunzi wawili wa chuo ambao hatukuwahi kuwaona sura. Wale wanafunzi walianza kwa shikamoo mama, ndipo wakaingia vitani. Mimi nilipewa kulinda lango la nyuma, kwa sababu vidole vyangu ni vizito.

Nimekaa serikalini miaka mingi, na ofisini faili likichelewa hakuna aliyelichelewesha. Nisipofika kazini, meza yangu inakaa vile vile na hakuna kinachosimama. Lakini kwenye gemu niliwahi kuinuka kwenda kuzima jiko, sauti nne zikaniita kwa pamoja, nikajikuta nimefurahi kama mtoto. Hasira za huko, nadhani, zinatoka hapo hapo. Umefanya kila kitu sawasawa, kisha mtu ambaye humwoni anakosea kidogo, na jasho lako lote linakwenda na kosa lake, na watano nyote mnajua ni la nani. Asiyekutegemea hawezi kukukasirikia namna ile. Nimemsikia yule fundi, mtu mpole anayeimba kwaya, akimwambia mwanafunzi maneno ya kumtoa mtu machozi, na kesho yake akiomba radhi kwa sauti ya chini kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kurusha mto ukutani. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi ya dada yangu.

Mwaka huo baba alikuwa amelala kwangu, amepooza upande mmoja. Ofisini sikusema. Nilijua wakiniambia pole nitalia, na sikuwa na nguvu za kulia mbele ya watu. Mchana dada yangu alimhudumia, lakini ikifika jioni baba alinitaka mimi tu nimgeuze.

Jioni moja tulikuwa tunatafuta kupanda daraja. Kazini nilikuwa nimekwama daraja lile lile kwa miaka nisiyoikumbuka idadi, basi hilo la kwenye simu nililitaka kuliko ninavyoweza kueleza bila aibu. Na tulikuwa tunashinda. Baba akaita. Nikaiweka simu kwenye kochi, nikaenda nikamgeuza, nikamfuta, nikamnywesha maji. Akaniambia kwa ule mdomo wake uliopinda, "Nimekuwa mzigo kwako, mwanangu." Nikamwambia hapana, baba, lala. Niliporudi, mtu wangu wa kwenye gemu alikuwa bado amesimama langoni kama mti, maadui wameshampita, ngome inaungua. Tukashindwa.

Mtani wangu akasema, "Wewe ni mzigo tu. Kila siku unatuangusha."

Nikasubiri kicheko. Utani hata uwe mkali una kicheko nyuma yake, sauti inakuachia nafasi nawe urudishe. Safari hii haikuwepo nafasi yoyote. Fundi akakohoa. Ningeweza kusema baba anaumwa, lakini neno lile nilikuwa nimetoka kulisikia chumbani muda ule ule. Nikazima simu. Niliumia sana, na sioni sababu ya kuyapunguza maumivu hayo kwa kuwa lilikuwa gemu.

Kesho yake ofisini aliniona nikiingia akasimama.

"Habari za asubuhi, dada," akasema. "Umeamkaje?"

Nikamjibu nimeamka salama. Hakugusia mlenda. Nami nilikitazama kiti chake nikashindwa kusema chochote kuhusu wapagazi. Kuanzia hapo ikawa heshima tupu. Akipita nyuma yangu anasema samahani, akienda kuchukua chai ananiuliza kama nami aniletee. Mtani akianza kukuheshimu, ujue amekutoa moyoni. Nilirudi nyumbani nimechoka zaidi kwa hizo samahani kuliko kwa kumgeuza mzee. Tungeanzaje tena kutukanana? Hakuna namna ya kuomba ruhusa ya jambo hilo. Gemu nikawa nacheza na watu nisiowajua, na mkuu wa kitengo akatusifu mbele ya kikao kwamba siku hizi tumekomaa.

Baba alifariki wakati wa baridi, ule upepo wa vumbi ukivuma mchana kutwa. Kwetu msiba usio na mtani haujakamilika. Yeye ndiye anayewachokoza wafiwa mpaka wakubali kula, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anadai apewe kuku wake. Nilikaa kwenye mkeka nikiwaza jambo ambalo sikupenda kulifikiria siku ya kumzika baba yangu. Nilikuwa nawaza kama Mnyamwezi atakuja kama mtani, au atakuja kama mtumishi mwenzangu.

Alikuja na wenzetu kwenye gari la kazi, amejifunga khanga. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, dada," akasema, akaenda kuwasaidia wanawake waliokuwa wanapika.

Nikaona basi, imekwisha. Sikuwa hata na nguvu za kumlaumu.

Dada yangu alikuwa jikoni hapo, anawasimulia wanawake siku za mwisho za baba. Kutoka mkekani nilisikia akisema kwamba mzee alikuwa hakubali mtu mwingine amguse jioni. "Huyu hata awe katikati ya vita vyake vya kwenye simu," akasema, "baba akiita tu anaitupa anakwenda." Mtani wangu aliacha kumenya kitunguu. Akamuuliza dada kitu kwa sauti ndogo, dada akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniangalia, kisu bado mkononi, mpaka nikainamisha macho.

Nilipoyainua alikuwa hayupo. Alikuwa ameingia ndani bila kumwomba mtu, akatoka amevaa koti la baba, limemfika magotini, na fimbo yake mkononi. Akapita chini ya turubai katikati ya wanaume akiburuta mguu, anakohoa, anawasalimia wazee wa watu "hamjambo wajukuu zangu." Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia. Akaja mpaka kwenye mkeka wangu akanigonga goti kwa fimbo.

"Mtazameni huyu Mgogo," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Tangu asubuhi hajala, eti analinda mkeka. Sisi tulimpa lango alinde, akasimama kama mti. Huyu ni mzigo, tena mzito. Mzee, umeondoka zako, mzigo huu umemwachia nani?"

Mkuu wa kitengo alikunja uso akataka kuinuka. Mimi nilitulia nikasikiliza. Nyuma ya ile sauti kicheko kilikuwepo, kinatetemeka, na nafasi yangu ilikuwepo.

"Mpagazi si upo," nikamwambia.

Akaitupa fimbo, akanishika chini ya makwapa, akaninyanyua. Alikuwa analia, nami nalia, na watu wanacheka.

"Uzito wote huu ni mlenda," akawaambia, akanipeleka kula.