Galaksi ya Tano

Harufu ya grisi na dizeli ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani kila jioni, kisha Baba akafuata. Alikuwa fundi wa magari ya polisi, mtu wa kaskazini asiye na maneno mengi, nasi tuliishi chumba kimoja katika kambi ya polisi hapa Kampala. Siku moja nilimpelekea chakula karakana, nikakuta maofisa wanne wakipigwa picha mbele ya gari jipya. Baba alikuwa akipita na spana mkononi. Mpiga picha akamwita: "Wee fundi, ingia hapo kati! Nafasi hiyo inafanana na pengo la bibi yangu." Ofisa mmoja akacheka. "Asiniguse tu, shati langu limepigwa pasi." Baba alisimama mbele yao kidogo, picha ikapigwa, akarudi kazini. Hata majina yao yote hakuyajua. Nakala aliyopewa niliibandika ukutani, na watoto wa kambini wakaanza kusema kwamba baba yangu ni mtu wa wakubwa. Sikukanusha, nililipenda neno hilo.

Miezi michache baadaye maofisa wale wakaanza kusakwa kama waasi. Askari wawili walifika kwetu mchana, Mama akiwa sokoni Owino. Mmoja aliweka kidole kwenye picha. "Kijana, hawa ni rafiki za mzee?"

"Ndiyo, afande. Wako pamoja siku zote. Kila mtu anajua."

"Basi," akamwambia mwenzake, "mtoto hadanganyi." Waliing'oa picha, wakaenda moja kwa moja karakana. Baba hakurudi, wala mwili wake hatukupewa. Mama alikufa bila kujua nilichosema.

Juzi, nyumbani kwangu Kisugu, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya galaksi tano zilizobanana. "Babu, ona hii yenye mikono iliyojikunja ilivyozilalia nyingine." Nilimuuliza nani amepima kama kweli ziko pamoja. Akasoma, kisha akanieleza: nuru ya kila moja ilichambuliwa, ikathibitika kwamba hiyo haimo kundini. Iko karibu nasi zaidi. Zile nne ziko mbali sana nyuma yake, ila kwa macho yetu zimeangukia mstari mmoja nayo. Nilimrudishia simu. Siku hizi kila mtu mjini hubeba kamera mfukoni, na bado watu huhukumiwa kwa waliosimama nao pichani. Galaksi ile haina mke wala mtoto, na wapo waliotumia miaka yao kuipima. Baba alikuwa na shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake, naye alisema alichokisikia kwa watoto wa kambini.