Jina la Kwanza, Jina la Pili

Umoja wetu wa Wakenya wa Riyadh na Jeddah haukuwa mkubwa. Tulikuwa madereva, walinzi, vibarua wa ujenzi, na kina dada wanaofanya kazi majumbani. Tuliuanzisha ili mtu akifiwa, akiugua au ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ikiisha, asihangaike peke yake. Kila tulipochagua mwenyekiti, wagombea walikuwa wawili tu, mmoja wa Riyadh na mmoja wa Jeddah. Ulimpigia kura mtu wa mji wako, basi, halas.

Wakati huo nilikuwa dereva wa familia moja huko Riyadh, mtaa wa Al-Malqa. Katika jumba la tatu kutoka letu alifanya kazi dada mmoja wa Kakamega. Mfanyakazi yeyote wa ndani aliyekataliwa kwenda hospitali, au aliyefungiwa pasipoti kabatini, alimtafuta yeye kwanza. Siku moja alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la umoja.

"Ndugu zangu, mimi pia naomba kura. Sisi wa majumbani ni wengi kwenye umoja huu, na hakuna aliyewahi kutuuliza mkutano uwe saa ngapi ili nasi tuweze kusikiliza."

Ijumaa iliyofuata nilikuwa mtaa wa Manfuha, hapo hapo Riyadh, chumbani kwa rafiki yangu mlinzi. Ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii, akanigawia godoro lake.

"Usipoteze kura, bro," aliniambia huku akisonga ugali. "Dada ni mtu mzuri, lakini hawezi kushinda. Ukimpa yeye, umewapa Jeddah."

Nilimpa dada, wala sikumficha rafiki yangu.

Matokeo yalipotoka, mtu wa Jeddah alikuwa ameshinda. Wetu wa Riyadh aliachwa kwa kura sita, na dada alikuwa amepata kumi na moja. Hesabu hiyo kila mtu aliifanya kichwani.

"Nyinyi kumi na mmoja ndio mmetuuza," rafiki yangu aliniambia kwa simu, kisha akakata. Miezi minne hakupokea simu zangu. Ijumaa zangu nikazimaliza ndani ya gari, nikimsubiri madam nje ya maduka, nikijiuliza kama kweli nilikuwa nimekosea. Niliona aibu, lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kukasirika. Nilikuwa nimemchagua mtu ninayemwamini. Kwa nini hilo liwe usaliti? Nikaona taabu iko kwenye sheria yetu inayokubali jina moja tu.

Shule zilipofungwa, bosi alinituma niendeshe familia hadi Jeddah. Nikaomba ruhusa ya saa mbili, nikaenda mtaa wa Kandara kumtafuta mwenyekiti. Nilimkuta kwenye mkahawa mdogo chini ya nyumba ya wageni alikopanga. Nikamweleza: kila mwanachama aandike majina mawili, la kwanza na la pili. Asipopatikana wa kupita nusu, wa mwisho anatolewa, na kura zake zinaenda kwa jina la pili.

Alicheka. "Sasa ndugu yangu, mbona nibadilishe sheria iliyonipa kiti?"

Kabla sijajibu, simu yake ililia. Alikuwa mama mmoja aliyekimbia nyumba ya kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, amesimama nje ya hospitali na begi moja. Mwenyekiti alimsikiliza, akamtuliza, kisha akamtajia namba ya simu. Niliifahamu namba ile. Ilikuwa ya dada wa Al-Malqa.

Alipoweka simu mezani tulitazamana.

"Kila ukikwama unampigia yeye," nikasema. "Lakini mtu akimpa kura, tunaambiwa amepoteza."

Alisukuma kikombe chake cha chai pembeni. "Leteni hoja kwenye grupu," akasema mwishowe. "Nitaiunga mkono. Nikishindwa, nimeshindwa."

Hoja ilipita baada ya wiki mbili za kelele.

Uchaguzi uliofuata, watu walituma majina mawili mawili. Mwenyekiti wa Jeddah aliongoza bila kupita nusu, dada akawa wa pili, na mtu wa Riyadh akashika mkia, akatolewa. Kura zake zilipogawanywa, nyingi zilikuwa na dada kama jina la pili. Alishinda. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpongeza.

Jioni hiyo rafiki yangu alinipigia.

"Nilimweka wa pili," alisema.

"Asante."

"Usinishukuru. Ningejua anaweza kushinda, ningemweka wa kwanza. Njoo Ijumaa."

Mkutano wa kwanza wa dada ulifanyika kwa simu, saa tisa alasiri, wakati mabosi wengi wamelala. Niliegesha gari kivulini, nikawasha spika. Sauti za kina mama ambazo sikuwahi kuzisikia zilianza kuingia, moja baada ya nyingine. Mmoja alinong'ona kutoka jikoni, mwingine nyuma yake mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma.

"Polepole, kina mama," mwenyekiti wetu mpya akasema. "Leo kila mtu atazungumza."